Vumbi kwenye Majani ya Siala

Nyumba ya Phanice Nyatichi iko Oyugis, kando ya barabara ya kuingia steji, mahali ambapo malori hubadilisha gia na kumwaga moshi mweusi sebuleni bila hodi. Mumewe, Boaz, alikuwa makanga wa matatu miaka ishirini, akiuvuta moshi huo kila siku mpaka kifua kikakataa kazi. Akarudi nyumbani kukaa kwenye kiti mlangoni, akipigania pumzi.

Mhudumu wa afya wa mtaa alimshauri Phanice apande miti iliyosongamana kati ya nyumba na barabara, majani yapokee vumbi kabla halijamfikia mgonjwa. Phanice si mtu wa kuambiwa mara mbili. Alipanda siala safu mbili, akazitekea maji miaka mitatu, na kila Jumapili aliyapangusa majani kwa kitambaa kibichi. Majirani walimcheka, wakasema hata viti vyake havijaona usafi huo. Yeye alikipeleka kitambaa kwa Boaz kikiwa na rangi ya udongo.

"Tazama, Baba Dorine. Hii yote ingekuwa kifuani mwako."

Na kweli, Boaz alianza tena kulala chali kama watu.

Januari akafa Nicodemus, mwenyekiti wa waendesha bodaboda. Kwa desturi ya huko, maiti ikirudishwa nyumbani, pikipiki hutangulia zikipiga honi, zimefungwa matawi mabichi. Matawi huvunjwa popote yalipo, na hakuna anayemnyima marehemu. Siku hiyo Phanice alikuwa sokoni akiuza ndizi. Aliporudi alikuta vigogo vitupu, na barabara nzima inachungulia ndani.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi niliwaambia wachukue, Mama Dorine," alisema Boaz. "Huyo mtu alinipeleka hospitali mara ngapi, na hakuitisha nauli? Sasa nimnyime majani?"

Phanice alikasirika, na mimi simlaumu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na kiangazi ndio kwanza kilikuwa kimeanza. Vumbi liliingia hadi kwenye sufuria. Alitundika leso mbichi madirishani, hazikufua dafu. Boaz akarudi kulala ameketi. Daktari alisema kifua kilikuwa kimekwisha zamani. Huenda. Phanice kila asubuhi alikwenda kuvitazama vichipukizi vya siala, akiviomba viharakishe.

Mvua za Machi ziliviinua. Mwisho wa Aprili vilikuwa vimemfika kiunoni, vimejaa majani, na wiki hiyo hiyo Boaz akafa.

Siku ya kumtoa mochari, Duke, aliyerithi kiti cha Nicodemus, alifika na pikipiki kumi na mbili. Waliegesha ng'ambo ya barabara, macho chini.

"Mbona hamna matawi?" Phanice aliuliza.

"Mama, tulionelea twende tu hivi. Ile ya Januari bado inatuuma."

"Mume wangu hakumnyima mtu. Na yeye hataenda bila."

Akaingia kwenye siala zake, akaanza kuvunja, akilia bila kujificha. Duke alivuka barabara, akanyoosha mkono apokee tawi la kwanza. Phanice hakumpa. Alitoa kitambaa chake, akalipangusa jani moja moja, pande zote mbili, ndipo akampa.