Mafuta Niliyoongeza kwenye Biskuti za Kwaresima

Nilitia mafuta ya nguruwe kwenye biskuti za Kwaresima, kisha zikapelekwa futari kwa Mzee Hemedi, jirani yetu Mwislamu hapa mtaani Lizaboni.

Nilikuwa mpishi wa Sista mmoja kutoka Malta. Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani ziliangukia pamoja, na lozi zilikuwa zimeanza kuonekana madukani. Sista akanionyesha jinsi ya kutengeneza biskuti za kwao, za lozi na maganda ya chungwa. Alipotoka, niliona donge kavu. Mimi, bingwa wa maandazi, nikamhurumia mzungu aliyesahau mafuta. Nikachota kwenye kopo la mafuta ya nguruwe, nikakanda upya na kuoka.

Jioni akaniambia kwa furaha, "Hazina mafuta wala mayai, ndiyo mfungo wetu. Nimempelekea Mzee Hemedi afuturu nazo."

Nilikimbia na aproni yangu. Adhana ilikuwa imeshalia, na wageni wamejaa mkekani.

"Shikamoo mzee! Msile biskuti!"

"Marahaba. Kwani zina nini, mwanangu?"

Nikataja mafuta yale ya nguruwe. Wote wakageukia sahani. Sista alikuwa amezipanga duara kamili. Sasa duara lile lilikuwa na pengo la biskuti moja.