Chupa ya Mafuta ya Mbarika

Mjukuu wangu akijipaka mafuta ya mbarika kichwani, harufu yake hunirudisha kwenye banda la kuku la nyumbani, Kwamndolwa. Humo ndimo ilimolala pikipiki ya baba miaka yote aliyokuwa vitani. Aliuziwa na Mgiriki wa shamba la mkonge.

Aliporudi, aliondoa mayai chini ya injini, akasugua plagi hadi ikang'aa. Petroli alipata, oili hakupata.

"Kwani lazima oili?" nikauliza. Nilikuwa mtoto wa maswali.

"Hii hunywa petroli na oili pamoja. Bila oili injini itakwama, ife kabisa."

Nikamletea chupa ya bibi, mafuta aliyompikia mtoto mchanga wa shangazi. Baba akanusa, akasita, kisha akamimina yote ndani ya petroli, akatikisa.

Bibi akatukuta na chupa tupu. "Mafuta ya mtoto mnakinywesha chuma!"

Baba alipiga kiki mpaka jasho likamtoka. Ikakohoa, ikanguruma, banda likajaa moshi unaonukia kama kichwa cha mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Nikarukia kiti cha nyuma. Bibi akakaza kanga kiunoni, akanishika mkono.

"Shuka," akasema. "Mafuta ni yangu."