Nilivyoficha Harusi Zote Kwenye Laptop

Jamani, hii nikiikumbuka bado nafunika uso kwa mtandio, lakini wacha niwaambie. Uchumba wangu ulikuwa umevunjika (kijiji kizima cha Bweni kinajua), na kila nikifungua mtandao nakutana na harusi tu, huyu kavishwa pete, yule yuko fungate, mpaka mwalimu mwenzangu akanionea huruma akaniwekea skripti kwenye kivinjari cha laptop: unaandika neno usilolitaka, kila posti yenye neno hilo inatoweka. Nikaandika "harusi". Wallahi nilipumua.

Sasa rafiki yangu Rukia wa Utende naye alikuwa anaolewa, na kila siku anatupia picha za maandalizi. Akinipigia kuuliza, najibu, "Nimeziona shoga, umependeza!" (sijaona hata moja). Wiki yenyewe ya harusi simu yangu ya kitochi ikadondoka baharini, nikabaki na laptop, na laptop kimya, nikajua mambo yanakwenda vizuri.

Siku ikafika, nikapaka hina, nikavaa sare ya kijani tuliyokubaliana, nikapanda bodaboda na barabara ile ya mashimo, vumbi mpaka kwenye kope. Kufika, turubai limefungwa, viatu tele mlangoni, wanaume wameinamisha vichwa (nikasema hawa wana njaa, pilau imechelewa), basi mimi huyo mpaka ndani na vigelegele kwa sauti yangu yote!

Hakuna aliyeitikia. Wanawake wamekaa mikekani, kanga vichwani, wengine wanafuta machozi. Shangazi yake Rukia akanishika mkono taratibu.

"Mwanangu, nyamaza. Bibi yake Rukia tumemzika jana. Tangazo hukuliona? Tuliandika harusi imeahirishwa, tuna msiba."

Nilitamani ardhi ipasuke. Wakaniazima buibui nifunike ile sare, wakanipeleka chumbani kwa Rukia. Nilitaka kuisingizia simu, lakini macho yake yalivyovimba nikashindwa, nikamweleza habari yote ya skripti.

"Kwa hiyo na picha zangu hukuziona?"

"Sikuziona."

"Na ulikuwa unaniambia nimependeza."

Nikaanza kulia. Akanivuta begani kwake, yeye mfiwa ananibembeleza mimi. "Ungeniambia tu inakuuma, Asha. Ningekuja Bweni tukae wote."

Niliporudi niliifuta skripti kabla sijavua viatu. Sasa harusi zinapita zote, nyingine zinanichoma kweli, na ikinichoma nampigia Rukia namwambia imenichoma. Ila vigelegele, wallahi, sipigi tena mpaka mwenye nyumba aanze.