Mizinga ya Ambrosi

Ambrosi wa Ntalikwa alianza na asali mwaka 1951, kwa mizinga arobaini aliyoitengeneza mwenyewe kwa magome ya miyombo. Kabla hajaitundika porini akafungua hoteli ya chai karibu na stesheni, na kabla chai haijapata wateja akanunua cherehani.

"Baba Flavia, miti inakaribia kuchanua," mkewe Koleta alimwambia. "Tundika mizinga kwanza."

"Yote ni ya kwanza," alijibu kwa ukali.

Alipopata nafasi ya kwenda porini, maua yalikuwa yamepukutika na nyuki wameshahamia kwenye mizinga ya wenzake. Alirudi kichwa chini, akamkuta Koleta anachemsha chai ya hoteli kwa moto wa magome makavu.

"Kuni ziliisha," alisema bila kugeuka. "Huu ni mzinga wa tatu."