Mfereji Nilioufunga

Mama alipovunjika nyonga, dada yangu mkubwa alitoa neno lake kwa simu kutoka Emali: "Mwaitu hawezi endelea kushuka huko chini kwa choo. Kama ile ya ndani haitafanya kazi kufikia Jumapili, nakuja kumchukua." Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama. Naye alikuwa amekwisha kuapa kwamba hatoki katika nyumba yake huku Kabati ila kwa jeneza.

Choo cha ndani kilikuwa kimekufa miaka mingi. Marehemu baba alikijenga alipostaafu, akajivunia kuliko ng'ombe wake, kisha maji ya chumvi yakakila. Nilichukua likizo nikaja na fundi. Mifereji ilikuwa imeota ukoko mweupe. Tulipoishika kwa spana ilivunjika kama mandazi ya juzi. Tukang'oa kila kitu, tukaweka kipya. Fundi akagongagonga sakafu ya simiti chumbani kwa Mwaitu.

"Bomba ya huku chini ni ya zamani," akasema. "Tungevunja hapa pia."

Nilikataa. Mgonjwa yuko kitandani, vumbi la nini? Na Jumapili ilikuwa inakaribia. Mimi ni mtu wa haraka, na haraka yangu huwa naiita bidii.

Kwetu maji huja yanapotaka, pengine baada ya wiki tatu. Kwa hiyo watu huacha mfereji mmoja wazi, ndoo chini yake: ukiusikia unakohoa, unakimbia na mitungi. Mwaitu ameuacha wazi ule wa jikoni tangu nikiwa mtoto. Mimi nilitazama mfereji mpya wa jikoni unavyong'aa, nikaufunga.

"Wacha hiyo," aliniambia.

"Mwaitu, huo ni ushamba. Tangi ya choo itajijaza yenyewe."

Nadhani alitaka kuniamini.

Jumapili dada alikuja na gari, tukampeleka Mwaitu kanisani. Aliomba nafasi ya kushukuru, akashuhudia kwamba Mungu amemrudishia nyumba yake. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, tena kwa nguvu.

Maji yalikuja tukiwa huko. Tangi la choo lilipojaa hayakupata pa kutokea, yakalisukuma lile bomba la zamani hadi likapasuka. Tulikuta sakafu ya chumba chake imefumuka, kitanda kimeinama, na godoro, Biblia na nguo zake zimelowa matope mekundu. Nilikimbia kufunga maji kwenye mita. Miaka yote hiyo mfereji ule wazi ulikuwa ukilipunguzia bomba bovu nguvu ya maji, nami niliufunga kwa mkono wangu. Dada aliinama akaanza kuokota nguo zilizolowa. Afadhali angenitukana.

Nikaanza kueleza kwamba fundi atarudi kesho, kwamba ni kazi ya siku mbili tatu. Hata mimi sikujiamini. Mwaitu aliinua mkono ninyamaze.

"Nimechoka, mwanangu. Wacha niende na dada yako."

Aliomba kwanza aingie chooni. Tulimshika hadi mlangoni, akatuambia tumwache. Tangi lilikuwa limejaa, nikamsikia akivuta maji. Alikaa humo kitambo. Alipotoka alisema ni choo kizuri sana, akaomba nimshike mkono hadi kwenye gari.