Sakafu Aliyoisugua Nyanya

Mwezi jana nilirudi kwenye kanisa la mawe, kule juu ya Njoro. Siku hizi Jumapili ni ibada, siku nyingine ni wageni na kamera zao. Kijana anayewatembeza alinionyesha mbao za sakafu kwa fahari. "Mathe, hii floor ni original," akaniambia. "Haijawahi guswa tangu mzungu aijenge."

Haijaguswa, ati. Rafiki yangu, mkono uliniwasha.

Miaka ya hamsini nyanya yangu aliigusa kila Jumamosi, amepiga magoti. Aliyeyusha nta ya nyuki jikoni kwetu, akaitia mafuta ya taa, nami nikambebea debe hadi kanisani. Tulisugua kwa vipande vya gunia mpaka viganja vikawaka moto, kisha tukakaa nje kwenye nyasi kula viazi vitamu baridi, maana makombo hayakutakiwa ndani. Jumapili, wazungu walipokuwa mle, sisi wa kambi ya vibarua wa shamba tulisali kwenye ghala la ngano, tukipiga chafya katikati ya nyimbo. Nyanya hakulalamika. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo alivyokuwa akisema. Aliomba jambo moja tu: akifa aingizwe kwa mlango wa mbele, aombewe mle ndani kama watu. Padri alikubali.

Kifua kikamlaza, akafa Jumatano. Alhamisi nilikwenda peke yangu na lile debe, nikaisugua sakafu yote toka mlangoni hadi madhabahuni, ing'ae kwa ajili yake. Sijawahi kufanya kazi kwa upendo kama ule.

Ijumaa wanaume wa kambi wakafika na jeneza. Mlangoni alisimama mzungu mwenye shamba letu, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa. Bintiye alikuwa anaolewa kesho yake. Alitazama ndani, akatazama viatu vya wabebaji.

"Hapana ingiza sanduku," akasema. "Sakafu iko safi sana. Kesho iko arusi."

Padri aliinamia kitabu chake. Nyanya aliombewa nje, haraka haraka, mvua ilikuwa inakuja.

Na aliyeing'arisha ni mimi. Nilikaa na uchungu huo miaka yote bila kumwambia mtu.

Wazungu wale waliondoka, ghala likabomolewa, kaburi la nyanya likalimwa ngano. Kanisa limetunzwa vizuri, wanaliita urithi wetu. Kijana alipomaliza maelezo yake nilimwomba aniache kidogo. Nikapiga magoti, nikaanza Baba Yetu. Nilipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nikainuka, nikatoka.