Mikidadi na Mwani Uliokataa Kukoma

Ni Ijumaa asubuhi, mwaka 1974. Mikidadi Bwanausi amesimama mbele ya kompyuta ya ofisi moja jijini Dar es Salaam. Mashine inameza kadi zake zenye matundu. Leo isiposimama yenyewe, utafiti wake unafungwa na kazi ndiyo imekwisha.

Kijana huyu wa Bagamoyo ni mtafiti msaidizi wa chuo. Anatunga lugha ya herufi mbili tu, inayofuata namna mwani unavyokua. Herufi moja ni tawi changa, ya pili ni tawi lililokomaa. Kila mzunguko, tawi changa linakomaa, na lililokomaa linazaa changa jingine. Anataka kompyuta ihesabu mizunguko michache, ichore mwani, itoe jibu kabla zamu yake ya kuitumia haijaisha.

Badala yake, mwani ukawa unachipua bila kikomo, na kila mara mashine ikazimwa kwa nguvu. "Mkuu wangu akaniambia, bwana mdogo, mara moja tena, basi," anasema.

Kosa aliligundua harusini, Kerege. Nyumbani kwa watu wa pwani, anayekuta chakula hukaribishwa anawe, ale. Lakini pilau la harusi lina taratibu zake. Mikidadi alikuta wenzake wameshaanza, akachuchumaa apenyeze mkono. Msimamizi, Mzee Mwinyimvua, akamshika bega.

"Wewe umekuja sasa hivi, mwanangu. Subiri sinia linalofuata."

Mikidadi akaduwaa, hata njaa ikamtoka.

"Kumbe mimi kila tawi changa nalikaribisha papo hapo," anaeleza huku akicheka. "Limezaliwa sasa, nalihesabu sasa hivi, linakomaa, linazaa. Shughuli hiyo itakwisha lini?"

Akaandika maelekezo upya: kinachozaliwa kingoje mzunguko ujao.

Sasa mashine inanguruma, inachapa, kisha inanyamaza yenyewe. Kwenye karatasi kuna mwani mdogo, umekamilika. Mikidadi anaketi sakafuni, karatasi mkononi. Furaha aliyonayo haina mfano.

Jioni yuko Bagamoyo, kwa mama yake, Bi Mwanahija.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Imesimama?"

"Imesimama. Kazi ninayo."

"Alhamdulillahi. Nilikuwa naogopa hata kukuuliza."

Mikidadi anamweleza kwamba baada ya mwani anataka kufuatilia mikoko ya Mbegani, tangu mche hadi mti mzima.

"Na hiyo itachukua muda gani?"

"Miaka, mama."

Bi Mwanahija anacheka, kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani.

"Iwe mingi," anasema.